Tom Mboya na hesabu za katiba

Brooklyn Center, Minnesota

Tom Mboya anapotajwa, Wakenya walio nyumbani hukumbuka risasi zilizomuua mchana kweupe jijini Nairobi mwaka 1969. Walio ng'ambo hukumbuka ndege zilizowaleta vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, miaka 10 kabla ya mauaji hayo.

Ni nadra kusikia akitajwa kwa kazi aliyoifanya kati ya Juni 1963 na Desemba 1964, alipokuwa Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba. Katika miezi hiyo 18 Kenya ilijitawala, ikapata uhuru kamili, ikawa jamhuri, na ikaanza kuigeuza katiba ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

Kazi hiyo ilikuwa ya hesabu kuliko hotuba: wabunge wangapi wanahitajika, maseneta wangapi wanatosha kuzuia, na nani anaweza kushawishiwa avuke upande wa pili. Mboya aliimudu vizuri kuliko mwanasiasa yeyote wa kizazi chake. Kabla ya kufa kwake aliishuhudia hesabu hiyo hiyo ikipigwa ili imzuie yeye.

Mtoto wa shamba la mkonge

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria. Kijana huyo alikulia katikati ya watu wa makabila mengi, akasema Kikamba na Kiswahili pamoja na Kijaluo, jambo lililomfaa sana baadaye katika siasa za Nairobi.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, ya mwisho ikiwa Mang'u. Karo ilipokosekana aliacha masomo, akaingia chuo cha wakaguzi wa afya kilichokuwa Kabete. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, ambako Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile.

Hapo ndipo alipoingia katika harakati za wafanyakazi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku vyama vya siasa vya Waafrika kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na vyama vya wafanyakazi vikawa mahali pekee ambapo Mwafrika aliweza kusema hadharani bila kutiwa kizuizini mara moja. Akiwa na umri wa miaka 23 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa mwaka 1955 ulimpa jina. Aliwashawishi warudi kazini, kisha akawatetea mbele ya msuluhishi, na wakapata nyongeza ya asilimia 33. Mwaka huo huo alikwenda chuo cha Ruskin, Oxford, kwa mwaka mmoja. Hakupata shahada, wala hakuwahi kusomea sheria.

Katiba mbili zilizoanguka

Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Mboya aliwania Nairobi na kumshinda Clement Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza nchini humo kuwa wakili.

Wajumbe hao wanane waliikataa katiba iliyowaingiza barazani. Walikataa nafasi za uwaziri walizotengewa, wakadai viti zaidi. London ililazimika kuandika katiba nyingine, iliyobeba jina la Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, na kuwapa Waafrika viti sita vya ziada. Hiyo nayo waliikataa. Mboya alijifunza mapema kwamba katiba haisimami kwa maandishi peke yake, na kwamba walio wachache barazani wanaweza kuiangusha wakikataa kuitumikia. Somo hilo lilimsaidia alipokuwa mpinzani. Alipokuwa waziri alilikumbuka kwa upande wa pili: alijua wachache wanaweza kuzuia mambo kiasi gani.

Wakati huo nyota yake iling'ara hata nje ya Kenya. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka uliofuata vijana 81 walipanda ndege kwenda New York kwa mpango alioubuni na marafiki zake Wamarekani, miongoni mwao Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Julai 1960 alikutana na Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Hadi mpango ulipomalizika mwaka 1963, vijana karibu 800 walikuwa wamesafirishwa.

Mengi yameandikwa kuhusu safari hizo, na hapa yatosha kukumbusha kwamba mmoja wa Wamarekani aliofahamiana nao hakutoa pesa wala ndege. Huyo ni Thurgood Marshall, wakili wa Wamarekani weusi aliyeshinda kesi ya kukomesha ubaguzi katika shule za nchi yake mwaka 1954. Mwanzoni mwa mwaka 1960 Marshall alikwenda Lancaster House, London, akiwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya. Ronald Ngala alikuwa mwenyekiti wa ujumbe huo, na Mboya katibu wake. Marshall aliandika rasimu ya haki za binadamu ambayo, pamoja na mambo mengine, ililinda mali za walio wachache, wakiwemo Wazungu na Waasia wa Kenya.

Uzio wa asilimia 90

Miezi michache baada ya mkutano huo Ngala na Mboya walikuwa katika vyama tofauti. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU. Ngala aliongoza KADU pamoja na Masinde Muliro na Daniel arap Moi, wakihofia kwamba makabila makubwa yangewameza madogo baada ya uhuru.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa katiba ya majimbo. Nchi iligawanywa katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo likiwa na baraza lake. Bunge likawa na majumba mawili: Jumba la Wawakilishi lenye viti 129, na Seneti yenye viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja cha Nairobi.

KADU walijua kwamba majimbo yasiyo na ulinzi yangefutwa asubuhi ya pili baada ya uhuru. Kwa hiyo walipigania jambo ambalo wananchi wengi hawakulitazama, yaani kifungu kinachoeleza namna ya kubadili vifungu vingine. Kifungu cha kawaida kilihitaji robo tatu ya wabunge wote katika kila jumba. Vifungu vilivyohusu majimbo, ardhi ya makabila, uraia, haki za binadamu na Seneti yenyewe vilihitaji robo tatu katika Jumba la Wawakilishi na asilimia 90 katika Seneti.

Tuipige hesabu hiyo. Robo tatu ya viti 129 ni kura 97. Asilimia 90 ya viti 41 ni kura 37. Maana yake ni kwamba maseneta watano tu, kutoka wilaya tano ndogo, waliweza kuizuia serikali nzima isiliguse jimbo hata moja.

KANU walishinda uchaguzi wa Mei 1963 wakiwa wameahidi kuibadili katiba hiyo, na Jomo Kenyatta alimkabidhi Mboya wizara iliyohusika. Septemba mwaka huo ujumbe wa Kenya ulirudi London kwa mazungumzo ya mwisho. Waingereza walikubali kulegeza baadhi ya mambo, lakini uzio wa asilimia 90 ukabaki.

Msomaji anayeishi Marekani ataona kwamba uzio mrefu si jambo la ajabu. Katiba ya nchi hii hubadilishwa kwa thuluthi mbili ya kila jumba la Bunge na kuidhinishwa na robo tatu ya majimbo, yaani majimbo 38 kati ya 50. Tangu ilipoanza kutumika mwaka 1789 imefanyiwa marekebisho 27 tu, na la mwisho kati ya hayo lilipendekezwa mwaka huo wa 1789 na kukamilika mwaka 1992.

Katika jimbo la Minnesota utaratibu ni mwingine. Hapa Brooklyn Center, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Minneapolis wenye wakazi wengi waliotoka Liberia, Kenya na nchi nyingine za Afrika, raia mpya anayepiga kura kwa mara ya kwanza huenda asilijue jambo moja. Pendekezo la kubadili katiba ya jimbo hupitishwa na wabunge kwa kura nyingi za kawaida, kisha huletwa kwa wananchi. Ili lishinde, lazima liungwe mkono na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura katika uchaguzi huo, si nusu ya waliojibu swali hilo. Mpiga kura akichagua rais na kuacha swali la katiba wazi, karatasi yake huhesabiwa kuwa ni hapana. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 1898. Mwaka 2012 mapendekezo mawili yalianguka, na mwaka 2024 moja, la kuendelea kutenga sehemu ya mapato ya bahati nasibu kwa ajili ya mazingira, likapita.

Kila kanuni ya namna hiyo inaamua kimya kimya nani atasikilizwa na nani atapuuzwa. Mwaka 1963 KADU walilielewa hilo kuliko washindani wao. Bahati mbaya kwao ni kwamba Mboya naye alilielewa.

Jinsi uzio ulivyovukwa

Agosti 1964 serikali ilitangaza nia ya kuifanya Kenya kuwa jamhuri ifikapo tarehe 12 Desemba, mwaka mmoja baada ya uhuru. Rais angekuwa kiongozi wa nchi na wa serikali pia. Mswada huo, wa kwanza wa kuirekebisha katiba, ulitoka katika wizara ya Mboya, na aliyeandaa maneno ya sheria ni Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu.

Serikali haikujaribu kuuvunja uzio kwa nguvu. Ilianza kuwavuta watu mmoja mmoja. Wabunge wa KADU walionyeshwa kwamba maeneo yao yangekosa barabara, shule na nafasi serikalini wakibaki upinzani. Fedha za majimbo zilicheleweshwa. Juu ya hayo ilielezwa wazi kwamba, kura zikipungua bungeni, suala lingepelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni, ambako KANU ilikuwa na uhakika wa kushinda.

Maseneta wakaanza kuvuka. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza bungeni kwamba KADU kimevunjwa na kwamba yeye na wenzake wanajiunga na serikali. Mswada ukapita kwa kura zote zilizohitajika. Kenya ikawa jamhuri siku iliyopangwa, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya pili ilikuwa imeyapunguzia majimbo mamlaka.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huo ndio wakati wa kupimwa kwa Mboya, na matokeo yake si mepesi kuyahukumu. Hakuna kifungu kilichokiukwa. Kila kura ilihesabiwa na kila kiwango kikafikiwa. Yeye na wenzake waliamini kwa dhati kwamba majimbo yangeigawa nchi changa kwa misingi ya kabila na kuifilisi kwa gharama. Lakini njia iliyotumika iliacha bunge lisilo na upinzani, na bunge la namna hiyo hupata asilimia 90 ya jambo lolote linaloletwa mbele yake.

Desemba 1964 wizara ya Mboya iliondolewa katika orodha, na mambo ya katiba yakahamia kwa Njonjo. Mboya akawa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Huko ndiko aliko­simamia waraka maarufu wa serikali namba 10 wa mwaka 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika.

Mwaka huo wa 1965 ndipo uzio wenyewe uliposhushwa. Sheria namba 14 ilifuta robo tatu na asilimia 90, na kuweka kiwango kimoja kwa vifungu vyote na kwa majumba yote mawili: asilimia 65 ya wabunge wote. Katika Seneti kura 37 zikawa 27, na katika Jumba la Wawakilishi kura 97 zikawa 84. Haki za binadamu alizoziandikia rasimu Thurgood Marshall sasa ziliweza kubadilishwa kwa kura zile zile zinazobadili kifungu chochote kingine. Mboya, akiwa mmoja wa mawaziri na katibu mkuu wa chama, alikuwa upande wa serikali.

Mwaka wa sheria za haraka

Matunda yake yalionekana mwaka uliofuata. Machi 1966 Mboya alikuwa mpangaji mkuu wa mkutano wa KANU mjini Limuru, uliofuta nafasi ya makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka wanane mahali pake. Lengo lilikuwa Jaramogi Oginga Odinga, mshindani wake wa siku nyingi. Aprili Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya cha KPU pamoja na wabunge wapatao 30.

Serikali ilijibu kwa kurekebisha katiba. Kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa Aprili, katika siku chache tu, mbunge aliyekihama chama kilichompeleka bungeni alipoteza kiti na kulazimika kurudi kwa wapiga kura. Sheria hiyo ililenga waliokwisha kuhama. Katika uchaguzi mdogo uliofuatia mwezi Juni, KPU ilishinda viti tisa kati ya 29. Wale waliotoka KADU na kuingia KANU miaka miwili kabla hawakuwahi kuulizwa swali hilo na wapiga kura wao.

Mwisho wa mwaka 1966 Seneti nayo ilifutwa. Ilikubali kufutwa kwa kura zake yenyewe, na si vigumu kuona sababu: maseneta 41 waligeuzwa kuwa wabunge wa jumba moja jipya, maeneo ya uchaguzi yakaongezwa kutoka 117 hadi 158, na muda wa bunge ukarefushwa hadi mwaka 1970. Mwaka 1968 mabaraza ya majimbo, ambayo kwa wakati huo yalikuwa yamebaki jina tu, yalifutiliwa mbali.

Mboya awindwa na hesabu yake

Mpaka hapo Mboya alikuwa upande wa walioshinda. Lakini Kenyatta alikuwa mzee, na Mei 1968 alipatwa na kiharusi akiwa Pwani. Swali ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka hadharani likawa mezani: akifa, nani atamrithi?

Katiba ilikuwa na jibu. Kiti cha rais kikiwa wazi, wabunge wangemchagua mmoja wao akimalize kipindi kilichobaki. Hakuna mtu aliyekuwa na marafiki wengi bungeni kama Mboya. Alikuwa na umri wa miaka 37, anafahamika Washington na London, na aliwajua wabunge kwa majina, shida na madeni yao.

Kundi lililomzunguka Kenyatta, wakiwemo Njonjo na Njoroge Mungai, halikutaka jibu hilo. Moi alikuwa Makamu wa Rais tangu Januari 1967, na kundi hilo lilimwona kuwa mtu wa kuaminika. Mwaka 1968 Njonjo aliwasilisha mswada ambao ungemwezesha Makamu wa Rais kushika urais moja kwa moja mpaka mwisho wa kipindi. Katika mvutano huo lilitolewa pia pendekezo kwamba mtu asigombee urais kabla ya kutimiza miaka 40. Haikuhitaji mwanasheria kujua ni nani aliyekuwa bado hajatimiza miaka hiyo.

Mboya alikuwa katika hali ngumu. Akiwa waziri, hakuweza kuupinga hadharani mswada wa serikali aliyomo, na akiwa mwanasiasa, hakuweza kuunyamazia. Basi walisimama rafiki zake wa viti vya nyuma, na pamoja nao wabunge wengine ambao hawakumpenda Mboya wala Moi, bali hawakutaka kupokonywa haki ya kumchagua rais. Kiwango cha asilimia 65, kilichokuwa kimeshushwa ili serikali ipite kwa urahisi, kwa mara ya kwanza kikawa kirefu kwa serikali yenyewe. Mswada ukaondolewa, ukaandikwa upya, ukarudi.

Sheria iliyopita hatimaye, ya kumi katika kuirekebisha katiba, ilikuwa ya maafikiano. Wabunge walipoteza haki ya kumchagua rais: sasa angechaguliwa na wananchi, na kila mgombea alitakiwa kuteuliwa na chama. Umri wa chini ukawa miaka 35, ambayo Mboya alikuwa ameshaitimiza. Kiti kikiwa wazi, Makamu wa Rais angekaimu kwa siku 90 tu mpaka uchaguzi ufanyike, na katika siku hizo baadhi ya mamlaka asingeweza kuyatumia bila idhini ya Baraza la Mawaziri.

Siku 90 ndizo alizobakiza Mboya. Alikuwa bado katibu mkuu wa KANU, mwenye ofisi na matawi ya chama mikononi mwake, na uteuzi wa chama ndio uliokuwa mlango pekee wa kuingia Ikulu. Waliomwogopa walijua kwamba miezi mitatu ilimtosha.

Julai 1969

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akiwa amerejea kutoka Addis Ababa, Mboya aliingia katika duka la dawa la Chhani kwenye barabara ya Government, ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Alipotoka nje alipigwa risasi. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 38, siku 41 kabla ya kutimiza 39.

Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwezi Novemba. Kama kulikuwa na waliomtuma, mahakama haikuwafikia, na mjadala haujaisha hadi leo.

Nchi iligawanyika vibaya. Oktoba mwaka huo msafara wa Kenyatta ulikabiliwa na ghasia mjini Kisumu, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. KPU kikapigwa marufuku siku chache baadaye na Odinga akatiwa kizuizini. Desemba Kenyatta akarejeshwa madarakani bila kupingwa.

Mjane wa Mboya, Pamela, waliyeoana naye Januari 1962, alibaki na watoto wadogo. Mboya alizikwa Rusinga. Sanamu yake iliwekwa Moi Avenue mwaka 2011, hatua chache kutoka pale alipoanguka.

Siku 90 zilivyoishi bila yeye

Kifungu kile cha mwaka 1968 kilibaki katika katiba. Mwaka 1976 baadhi ya waliokuwa karibu na Kenyatta, akiwemo Mungai yule yule pamoja na Kihika Kimani, walianzisha kampeni ya kukibadili ili Makamu wa Rais asikaimu hata siku moja. Safari hii walimwogopa Moi. Aliyewazima ni Njonjo, kwa onyo kwamba kuwaza au kuzungumzia kifo cha rais ni kosa lenye adhabu ya kifo.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Moi aliapishwa siku hiyo hiyo kuwa kaimu wa siku 90. KANU ilimteua, hakuna aliyejitokeza kushindana naye, na tarehe 14 Oktoba akaapishwa kuwa rais kamili. Alitawala hadi mwaka 2002. Maafikiano yaliyoachwa wazi ili Mboya apate nafasi yalikuwa njia ya Moi ya kuingia Ikulu, na asilimia 65 ikawa chombo chake: mwaka 1982 bunge lilitumia kiwango hicho kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria.

Wakenya waliandika katiba mpya na kuipitisha katika kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010. Uzio umerudishwa juu. Marekebisho ya kawaida yanahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote katika kila jumba, na yale yanayogusa mambo ya msingi, kama vile haki za binadamu, muhula wa rais au ugatuzi, yanahitaji pia kura ya maoni. Wananchi nao wanaweza kuanzisha mabadiliko kwa saini milioni moja. Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, watoto wa wazee wawili waliotajwa hapo juu, walijaribu kupitia njia hiyo katika mpango wa BBI. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba rais hawezi kuitumia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi.

Seneti imerudi, na mabaraza ya kaunti 47 yamechukua nafasi ya yale ya majimbo. Sharti la miaka 35 halimo tena, na mtu anaweza kugombea urais bila chama. Rais akifa, Naibu wa Rais hushika kiti mpaka mwisho wa kipindi, kama ulivyotaka mswada wa kwanza wa Njonjo ambao rafiki za Mboya waliukataa.

Siku 90 bado zimo, ila si katika kifungu cha urithi. Zimo katika ibara ya 256: mswada wa kurekebisha katiba ukishasomwa mara ya kwanza, hauwezi kusomwa mara ya pili kabla ya siku 90 kupita.